Kidawa na Mbwa Mkavu

Wifi yangu Kidawa anafuga mbwa, na mtu akitaka kumtukana huanzia hapo. Si hawa mbwa koko wanaozurura jaani. Ni buldogi wa Kifaransa: wafupi, vifua vipana, masikio yamesimama kama ya popo, na nyuso zimebonyea kana kwamba walijigonga mlangoni wakiwa wachanga. Halafu wanakoroma. Kaka yangu Hasan, mumewe, husema kwamba zamani ni yeye aliyekuwa akilalamikiwa kwa kukoroma, na sasa anaonekana mstaarabu.

Nyumba yao na yangu zimepakana huku Kikwajuni, tunatenganishwa na ukuta mmoja tu wa uani. Kwa hivyo ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyasikia kupitia ukuta huo.

Kidawa hakuanza kwa kupenda. Alikuwa akifanya kazi kwa bibi mmoja wa Kibelgiji huko Shangani, kupika na kufua. Yule bibi alikuwa na majike mawili ya aina hiyo. Siku ya kwanza Kidawa alipanda juu ya meza ya jikoni, akakataa kushuka. Miaka ilipopita akawa yeye ndiye anayeijua pumzi yao, chakula chao, na siku ambayo hawajisikii vizuri. Bibi aliporudi kwao kwa sababu ya maradhi, mbwa mmoja alikuwa mzee na mwenzake ana mimba. Akamuuliza Kidawa kama atawachukua. Kidawa akamwambia Hasan, na kesho yake Hasan akaenda kutafuta matofali.

Banda alilijenga nyuma ya uwa, na dirisha pana upande unakotoka upepo. Mlangoni Kidawa akaweka ndoo ya maji, birika, na beseni la udongo safi. Ana kanga zake za banda ambazo hazivuki kizingiti cha nyumba. Akitoka huko, kama ameguswa na mate au unyevu wa mbwa, huosha pale pale mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa sote chuo cha Kurani. Nimemwona akiosha ana homa, nimemwona akiosha mvua inamnyea. Watu wanaosema Kidawa hajali dini hawajapata kusimama kwenye ukuta wangu.

Pale sokoni Darajani wachinjaji wanamjua.

"Bi Kidawa! Watoto wako leo wanataka bandama au maini?"

"Wanataka uwakatie bila ya kuweka kidole kwenye mizani, Mcha."

"Aa! Mbwa wanakula vizuri kuliko mimi."

"Basi njoo kwangu, banda lina nafasi. Lakini kwangu wanaogeshwa."

Watu wote watacheka, na yeye atacheka nao. Tukishaingia kwenye kichochoro naona uso wake unarudi pale pale ulipokuwa.

Kazi yenyewe anaifanya kwa uangalifu ambao mimi sikuwahi kuufanya hata kwa wanangu, Mungu anisamehe. Mbwa hawa pua zao ni fupi, na wengine huzaliwa na tundu zilizobana hadi hewa inapita kwa filimbi. Alipata kuwa na dume mmoja wa rangi ya kijivu, mzuri, kila mgeni aliyemwona alitaka mtoto wake. Kidawa alimtembeza asubuhi hadi mwisho wa mtaa na kurudi, akapiga magoti mbele yake, akamsikiliza. Akasema pumzi yake inapiga filimbi, huyu hazalishwi. Akampeleka kwa daktari wa mifugo akahasiwa, akamweka nyumbani ale na alale tu. Jike hamzalishi akiwa bado mdogo, wala hamzalishi mfululizo. Wakati wa kuzaa humwita daktari mapema, kwa sababu vichwa vya watoto ni vikubwa na mara nyingi mama hupasuliwa.

Tena hulea tabia. Watoto wa mbwa wakifumbua macho, Kidawa huwaita wanangu wakapige masufuria, wakimbie, wagombane, ili wale wadogo wazoee vurugu za nyumba yenye watoto. Mimi husimama karibu nikihesabu vidole vya wanangu. Hakuna aliyewahi kung'atwa. Mbwa anayenguruma akiguswa bakuli hampi mtu mwenye watoto, hata akiombwa vipi.

Lakini waliokuwa wakiwachukua walikuwa wageni tupu. Wenye hoteli za Matemwe, walimu wa Kizungu, watu wa miradi. Walikuja, wakampenda mbwa, na baada ya muda wakaondoka naye au wakampa mgeni mwingine. Kidawa hakuwa na nyumba hata moja ya watu wetu ambayo angeweza kupita mlangoni, akapiga hodi, akamwona mtoto wa mbwa aliyempokea mwenyewe siku ya kuzaliwa. Hilo lilimuuma kuliko kejeli za Darajani. Siku moja akaniambia, "Wifi, ninalea watu wa safari tu."

Ndipo akaja Ahmada.

Ahmada ni mtu wa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, lakini alikaa Denmark miaka mingi na bintiye Ummy alizaliwa huko. Walirudi mtoto akiwa na miaka saba. Kule jirani yao alikuwa na mbwa kama hawa, na Ummy alikuwa amemzoea sana. Hapa alikuwa akilia kwa mbwa wa jirani zaidi ya alivyolilia theluji na skuli. Ahmada aliuliza huku na huku, akaletwa kwa Kidawa.

Tatizo lilikuwa mamake Ahmada, Bi Mize. Nyumba ni yake. Kidawa akasema hawezi kumtoa mbwa kabla hajazungumza na mwenye nyumba. Nikamsindikiza. Ilikuwa msimu wa baridi, kusi inavuma, na kule juu ya dari, kwenye sakafu ya wazi iliyoezekwa bati upande mmoja, ilikuwa raha kama ufukweni. Ndipo mbwa angekaa. Ndani ya vyumba hapana. Hilo Bi Mize alilisema kabla hatujakaa.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Huyo mnayetaka kuniletea ana mate?"

"Anayo, Bi Mize. Kila chenye mdomo kina mate," Kidawa akasema.

Bi Mize akacheka kidogo, kisha akakaa sawa. Akauliza maswali yake moja moja. Atabweka wakati wa adhana? Atashuka ngazi? Mtoto akimgusa kisha akashika msala? Kidawa akajibu vizuri yote. Mtoto ataosha hapo hapo juu, atawekewa udongo na maji. Na mbwa akiwa mkavu na mkono ukiwa mkavu, hakuna cha kutwaharisha.

"Na akirowa?" Bi Mize akauliza. "Huko juu nnaanika nguo zetu za kusalia. Akirowa akajikung'uta?"

Hapo ndipo penyewe. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya Kidawa. Nilijua, kama alivyojua yeye, kwamba kila kiangazi kikija yeye hutandika magunia yaliyorowa kwenye sakafu ya banda, na saa za joto huwamwagia mbwa maji tumboni na miguuni kwa kopo, kwa sababu pua zile haziwezi kuutoa moto mwilini kama za mbwa wengine. Nilimwangalia. Naye hakunitazama.

"Harowi, Bi Mize," akasema. "Arowe kwa nini? Muacheni mkavu tu, hana tabu."

Bi Mize akashusha pumzi. "Basi kama ni hivyo, mlete."

Tuliporudi Kidawa alikuwa akitembea kama bibi harusi. Sikutaka kumharibia. Nilijiambia kiangazi bado, atakuja kuwaeleza siku nyingine.

Mtoto wa mbwa alikuwa dume la rangi ya kahawia hafifu, mnene, mtulivu. Ummy akamwita Boflo, kwa sababu alisema anafanana na mkate. Kwa miezi kadhaa Kidawa alikuwa na pa kwenda. Kila Ijumaa baada ya sala alipita Kiponda, akapanda juu, akamkagua Boflo pua na masikio, akanywa chai na Bi Mize. Bi Mize mwenyewe, aliyesema hataki hata kumwona, akawa anampelekea mifupa na kumsemesha kutoka mbali: "Wewe usiyekuwa na pua, umeshiba?"

Mara ngapi Kidawa alikaa kwenye ngazi ile, anywe chai ile, na angeweza kusema? Ameniambia kwamba kila Ijumaa neno lilikuja mdomoni. Lakini jinsi walivyozidi kupendana ndivyo lilivyokuwa gumu. Angesema vipi? Kwamba siku ile alidanganya? Akajifariji kwamba yuko karibu, joto likizidi atamrowesha mwenyewe.

Joto lilizidi siku ya Jumanne. Upepo wa kaskazi ulikatika, mji ukatulia kama sufuria iliyofunikwa. Kidawa alikuwa bandani akimmwagia maji Tende, mama yake Boflo, aliponiita kupitia ukutani. Sauti yake haikuwa yake.

"Wifi, Ahmada kanipigia. Boflo kafa."

Tulikwenda mbio. Ahmada alikuwa amekwisha mtia kwenye gunia ili akamzike shamba. Kule juu bati lilikuwa halishikiki. Bakuli la maji ya kunywa lilikuwa limejaa, pembeni kuna upepeo wa ukili. Mtoto alikuwa amempepea mbwa hadi ukili ukakatika. Ummy alikuwa amekaa ngazini, magoti kifuani, halii.

Bi Mize alikuwa na machozi. "Alihema, Kidawa, alihema ulimi umekuwa zambarau. Mtoto akashika ndoo anataka kummwagia maji. Nikamwambia hapana, mwenyewe Bi Kidawa kasema aachwe mkavu. Si ndiyo?"

Kidawa akasema, "Ndiyo."

"Ndo hivyo. Siku yake ilifika."

Ummy akainua uso. "Mimi nimemuua. Asubuhi nilimrushia mpira."

"Si wewe, mwanangu," Kidawa akasema.

"Ni nani basi?"

Nilimwona wifi yangu akifungua mdomo. Nilimwona akimtazama Bi Mize, kisha Ahmada, kisha sakafu.

"Ni joto," akasema.

Ummy akarudisha uso magotini. Mtoto hakuamini, na alikuwa na haki.

Kidawa hakulia njiani. Tulipofika akaingia bandani, akakaa chini kati ya mbwa wake kwa kanga zake za nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikamfuata hadi mlangoni.

"Nilijua, wifi. Nilijua na nikasema muacheni mkavu."

Sasa nitasema na langu, kwa kuwa nisipolisema nitakuwa namweka Kidawa peke yake. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia, "Umeshasema ni joto, na kweli ni joto. Liache hapo. Ukisema, Bi Mize utamweka wapi? Yeye ndiye aliyemzuia mtoto." Nilifikiria watu wa mtaa, nikafikiria wanangu watakavyochekwa chuoni kwa ajili ya shangazi — wao humwita Kidawa shangazi ingawa ni mke wa mjomba. "Mtoto atasahau," nikamwambia.

Hasan alikuwa nyuma yangu, nami sikujua. Akasema, "Mtoto gani unayemjua wewe aliyesahau?" Akaenda zake msikitini.

Ijumaa ile Kidawa hakwenda Kiponda. Alisema anaumwa. Iliyofuata pia. Tende alikuwa na mimba nyingine wakati huo, na Kidawa akawa anamkagua mara kwa mara bila ya sababu, anamshika tumbo, anamwachia. Akipika anasahau chumvi. Usiku namsikia Hasan akikoroma, na mbwa wakikoroma, na yeye akikohoa akiwa macho.

Kisha tukakutana na Ahmada Darajani, kwenye samaki. Alikuwa amekonda. Kidawa akamuuliza Ummy hajambo.

"Hajambo mwilini," Ahmada akasema. "Paka wa mama kamtoa nje, kamfungia mlango. Mdogo wake yule mchanga aliyekuwa hambandui kiunoni, sasa hataki kumbeba. Mama yake akimpa, anaficha mikono nyuma. Anasema yeye kitu akikicheza kinakufa." Akajaribu kucheka, akashindwa. "Watoto, Bi Kidawa."

Kidawa akamrudishia muuza samaki wale samaki aliokwisha kuwanunua, kana kwamba hakuwalipia. Akageuka.

"Wifi, nnakwenda."

"Sasa hivi? Na samaki?"

"Wabebe wewe. Au njoo nao."

Nikaenda nao. Nilipanda ngazi za Bi Mize na kikapu cha samaki mkononi, nikisoma kila dua ninayoijua.

Bi Mize alikuwa akichambua mchele. Ummy alikuwa dirishani, mikono ameikalia. Kidawa hakukaa.

"Shikamoo, Bi Mize. Nimekuja kwa Ummy, lakini nataka usikie na wewe."

"Marahaba. Kaa basi, mbona umesimama kama askari?"

"Nikikaa sitasema." Akamgeukia mtoto. "Ummy, mbwa hawa wanapopata joto humwagiwa maji. Tumboni na miguuni. Wakimwagiwa mapema, wanapona. Mimi nnajua hivyo tangu zamani. Mbwa wangu nyumbani nawamwagia."

Ummy akamtazama bila ya kupepesa.

"Siku ya kwanza bibi yako aliniuliza, na mimi sikumwambia kweli. Niliogopa akijua mbwa atarowa juu hapa, atamkataa. Kwa hivyo nikasema aachwe mkavu. Mpira haukumuua Boflo. Wewe ulishika ndoo. Ulikuwa umefanya sawa."

Mtoto akageuza kichwa polepole. "Bibi, wewe ulinizuia."

Ndilo nililoliogopa. Bi Mize akaacha mchele. Nilitamani sakafu inimeze na samaki wangu.

"Bibi yako alifuata maneno yangu," Kidawa akasema upesi. "Yeye hakujua. Mimi nilijua. Mwenye kujua ni mimi peke yangu."

Bi Mize akasimama. Ni mtu mfupi, lakini Kidawa alirudi nyuma.

"Uliogopa ntamkataa?"

"Ndiyo, Bi Mize."

"Kwa maji?" Akajipangusa mchele mikononi. "Kidawa, mimi nimezaa, nimeuguza, nimeosha maiti. Udongo upo, maji yapo. Nguo ikiguswa hufuliwa, ikifuliwa huanikwa. Ningemmwagia ndoo nzima kwa mikono yangu hii! Dini gani uliyodhani nnayo mimi, ya kumwangalia mnyama anakufa na mtungi umejaa?"

  Miezi yote ile Kidawa alikunywa chai ya yule bibi na kumhesabu kuwa mtu asiyeweza kuosha kanga.

"Mtoto wangu usiku halali," Bi Mize akasema, sasa kwa chini. "Halali, Kidawa. Nawe ulikuwa nyumbani umejifunika shuka."

Ummy akashuka dirishani. Akaja akasimama mbele ya Kidawa, mikono sasa imetoka.

"Tende unammwagia?"

"Kila siku ya joto."

"Kwa nini yeye?"

Kidawa alipiga magoti, kama anavyopiga kwa mbwa anapotaka kuisikiliza pumzi. Alijaribu kujibu.  Ummy akangoja, akangoja kweli, kisha akaingia chumba cha ndani. Tukasikia mlango. Baada ya muda tukasikia mtoto mchanga akicheka huko ndani, na sauti ya Ummy ikimwambia, "Tulia, tulia, nimekushika."

Bi Mize akafuta uso kwa ukaya wake. "Ushasema," akamwambia Kidawa. "Sasa nenda. Usije mpaka nikuite."

Hajamwita hadi leo. Tende alizaa salama kwa kupasuliwa, na Kidawa amekuwa mtu mwingine kwa wanaokuja. Kabla hajasema lolote jengine humleta mbwa mbele yao, hummwagia kopo la maji tumboni, humwacha ajikung'ute mpaka wageni wakarowa miguu. Watu wetu wawili waliokuwa na nia waligeuka wakaenda zao. Mwengine, baharia mstaafu wa Tumbatu, alijipangusa, akauliza udongo uko wapi, akaondoka na mtoto wa kike. Kidawa hakufurahi nilivyodhani atafurahi. Alimsindikiza hadi barabarani akirudia maneno yale yale ya joto na maji, hata yule mzee akamwambia, "Bibi, nimesikia. Mimi si kiziwi."

Juzi tulikuwa tunatoka Darajani, mimi na yeye. Wanafunzi wa skuli walikuwa wakivuka, na Ummy miongoni mwao, mkoba mgongoni, shungi limekwenda upande. Aliponiona akakimbia kuja.

"Shikamoo, Bi Bashira."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mdogo wangu anatembea."

Kidawa alikuwa amesimama begani kwangu. Ummy alimtazama, na uso wake ukafungika kama dirisha. Hakumwamkia. Akawakimbilia wenzake, na mmoja akamwambia kitu, akacheka hadi akainama.

Nilitaka kumwita nimfundishe adabu. Kidawa akanishika mkono.

"Muache," akasema. "Muache acheke."

Akahamisha kikapu mkono wa pili, tukaendelea na njia, naye akawa anageuka nyuma kila hatua mpaka wale watoto wakapotea kwenye kichochoro.